Mkataba ukikosewa si mwisho, korti inaweza kuurekebisha

Mhariri,

Naomba nafasi maana naona watu wengi hapa Mombasa wanaumia bure. Mwaka juzi nilikodi duka, tukaelewana 18,000 kwa mwezi, aliyetaipu akageuza namba ikawa 81,000, na mwenye duka akanikazia eti ushasaini basi.

Si kweli jamani. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 23, inafuata sheria ya Kiingereza, na huko jaji anaweza kurekebisha maandishi yafanane na yale mliyopatana. Lakini anarekebisha karatasi tu, sio mapatano yenyewe, kwa hivyo kama ulikubali bei mbaya hiyo ni shauri yako. Na lazima uonyeshe nyote wawili mlikuwa na nia moja mpaka siku ya kusaini, tena kwa ushahidi mzito, sasa zile meseji za WhatsApp na risiti usizifute kabisa!

Kuna kesi ya London ya 2009, Chartbrook (wenye ardhi) na Persimmon (kampuni ya ujenzi), fomyula ya malipo iliandikwa vibaya, Chartbrook wanadai pauni 4,484,862, Persimmon wanasema ni 897,051, majaji wa juu kabisa wakachukua ile ndogo kwa kuwa ndiyo iliyoingia akilini kibiashara, na mmoja wa majaji hao, Lord Hoffmann, akasema hata kama kuutafsiri mkataba hivyo kungeshindikana, Persimmon walistahili mkataba urekebishwe.

Mimi nilimuonyesha mwenye duka meseji zetu, tukaandika upya bila kufika kortini. Mawakili, tafadhali wasomeeni watu mkataba kwa Kiswahili kabla hawajatia sahihi.

Msomaji wenu, Mombasa