Barua ya wazi kwa vijana wanaowaandikia watoto hadithi za wanyama

Wanangu,

Salamu nyingi kutoka Malindi. Wengi wenu hatujaonana ana kwa ana, lakini miswada yenu nimeisoma. Mingine nililetewa na wahariri, mingine mlinitumia wenyewe kwa simu mkitaka kusikia mwalimu mstaafu ana lipi la kusema. Nimeona heri niwajibu wote pamoja, tena hadharani, maana nililo nalo linamgusa kila mmoja wenu, na mzazi au mchapishaji atakayelisoma huenda naye akapata lake.

Kwanza nawapa heko. Kiswahili chenu kimenyooka, na mmechagua kuwaandikia watoto wakati wenzenu wanakimbilia riwaya za watu wazima zenye tuzo na picha gazetini. Hilo peke yake linanipa furaha.

Sasa niseme la pili. Mnamwogopa mtoto. Mnaogopa asije akaelewa vibaya, asije akalia, asije akafunga kitabu kabla hajashika funzo. Kwa hofu hiyo sungura wenu hawezi kusema uongo hata mmoja, fisi anatubu kabla hajashiba, na marafiki waliogombana asubuhi wanapatana kabla ya chakula cha mchana. Na kama kwamba hayo hayatoshi, ukurasa wa mwisho mnaandika kwa wino mzito: "Hadithi hii inatufunza kwamba..."

Nilisimamia maktaba ya shule miaka mingi. Chukueni kitabu chochote kilichopita mikononi mwa watoto wa madarasa manne matano, mkifungue mkitazame vizuri. Pale fisi anapotumbukia shimoni, karatasi imelegea, pembe zimekunjika, pana alama za vidole vilivyotoka kula embe, na mara nyingine pana kipande cha selotepu alichobandika mtoto mwenyewe ili mwalimu asigundue. Ukurasa wa funzo ni mweupe pe! Hakuna aliyeugusa. Watoto wameshatoa hukumu yao, sisi ndio hatujataka kuisikia.

Najua mtakavyonijibu. Mtasema mchapishaji anataka. Mtasema mtaala wa umilisi wa shule zetu za Kenya umeorodhesha maadili yake, upendo, heshima, uwajibikaji, amani, uzalendo na mengineyo, na kitabu kisichoidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala hakipati njia ya kuingia shuleni, na shule ndiyo soko. Nalijua hilo vizuri, na simlaumu mtu anayetafuta riziki yake. Ninachouliza ni hiki: nani kawaambia kwamba upendo hauonekani mpaka utajwe jina? Mtoto akisoma kwamba kobe alikaa mvuani tangu adhuhuri hadi magharibi akimngoja mwenzake, upendo ameshauona. Mkaguzi naye atauona, kama ana macho. Maswali mwachieni mwalimu. Ndiyo kazi yake, na analipwa kwa hiyo kazi, ingawa si vizuri.

Rudini kwa wazee mwone walivyofanya. Mwaka 1870 mmisionari Mwingereza Edward Steere alichapisha London hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Mojawapo ni ile ya kima na papa. Kima anaishi juu ya mkuyu kando ya bahari, papa yuko chini majini, na kila siku kima anamtupia matunda. Urafiki unaota hapo, mmoja juu, mmoja chini. Siku moja papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni, na wakiwa katikati ya bahari anamwambia ukweli: sultani wetu ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hababaiki. Anasema, laiti ungeniambia mapema, sisi kima tukitoka matembezini mioyo yetu huiacha mtini, turudi tukauchukue. Papa anageuza, kima anaruka juu ya mti wake, na hashuki tena.

Tazameni jambo moja. Kwa nini papa alimwambia? Angenyamaza, angemfikisha kima kwa sultani na kazi ingekwisha. Nimeisimulia hadithi hii darasani mara nyingi, na kila mara wanafunzi hugawanyika. Wako wanaosema alimwambia kwa kuwa ni mjinga. Wako wanaosema alimwambia kwa kuwa alikuwa rafiki kweli, akashindwa kumpeleka mwenzake kifoni bila kumpa habari. Basi papa ni mbaya au ni mtumwa wa amri? Mtu anaweza kukupenda na bado akakubeba kwenda kukutoa moyo? Watoto wa miaka tisa huweza kubishania hayo mpaka kengele ilie, kwa sababu kila mmoja ana rafiki aliyewahi kumchongea kwa mwalimu. Hadithi yenyewe haijibu. Msimulizi wa zamani akimaliza alikuwa anasema ikiwa njema ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yake mwenyewe, kisha anaomba maji ya kunywa. Angeongeza kwamba tuchague marafiki wema, mabishano yangefia papo hapo.

Na si yetu peke yetu hadithi hiyo. Inapatikana katika Kalila wa Dimna, kitabu cha hadithi za wanyama alichokifasiri Ibn al-Muqaffa kwa Kiarabu katika karne ya 8, na kabla ya hapo ilikuwa inasimuliwa Bara Hindi. Kule Hindi anayembeba nyani ni mamba, kwa Waarabu ni kobe wa majini. Ilipofika pwani yetu, wasimulizi wakaona kwamba bahari hii ina papa, wakamtia papa. Ndiyo maana nashangaa kuona katika miswada yenu dubu. Dubu wa wapi? Hakuna dubu wa mwituni kutoka Lamu hadi Kigoma. Mchoraji amemkuta kwenye intaneti, akampenda, na mwandishi akanyamaza. Mwambieni mchoraji wenu aende akamtazame ngedere anavyomkwapulia mtu ndizi, atapata mengi ya kuchora.

Hili la kumjua mnyama nitalikalia kidogo, maana wengi mnaandika juu ya wanyama ambao ni watu waliovikwa ngozi. Mkimvua ngozi hiyo hakibaki kitu cha mnyama. Sisemi sungura asizungumze. Azungumze, lakini awe na masikio yake, miguu yake na woga wake.

Chukueni fisi. Katika hadithi zetu ni mlafi na mjinga, na mimi simwondoi huyo, amenichekesha maisha yangu yote. Lakini yuko na fisi mwingine ambaye hamjamwandika. Hans Kruuk, mtafiti aliyewafuatilia fisi madoa Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya chakula chao huwinda wenyewe, na Ngorongoro mara nyingi simba ndio waliokuwa wakiwapora. Wanaishi kwa koo, na wakubwa wa ukoo ni majike. Mtoto wao huzaliwa mweusi, macho wazi, meno yameshatoka. Cheo chake hufuata cha mama yake. Akiwa dume, akishapevuka huondoka kwao, akaenda kwenye ukoo wa wageni, na huko huanzia chini kabisa, nyuma ya kila jike na hata nyuma ya vitoto vyao.

Hamuoni hadithi iliyomo humo? Huyo ni mtoto aliyehamishwa shule katikati ya muhula. Huyo ni kijana aliyepelekwa bweni, alikuwa wa kwanza kijijini kwao na sasa hakuna anayejua jina lake, anasimama mwisho wa foleni ya chakula akiwachungulia waliomtangulia. Mwandikeni fisi huyo usiku wa kwanza katika ukoo mpya, amelala pembeni, masikio yameinama, anasubiri mmoja tu amsogelee. Hakuna haja ya kuongeza neno.

Au tembo. Mtoto wa tembo akizaliwa hajui kuutumia mkonga wake. Unamning'inia tu, mara aukanyage, na kwa miezi kadhaa hunywa maji kwa mdomo, amepiga magoti. Kitoto cha miaka mitano kinachohangaika kufunga kamba za viatu kitajiona humo mara moja.

Sasa nije kwa hadithi iliyotokea hapa kwetu, kwa kuwa watatu kati yenu mmeiandika. Desemba 2004 kiboko mchanga alikuwa amesombwa na maji ya mto Sabaki mpaka baharini, na mawimbi ya tsunami ya tarehe 26 yalipopita akabaki peke yake karibu na mwamba. Kesho yake wavuvi, maafisa wa wanyamapori na watu wa mji walihangaika naye kwa nyavu na kamba, ufuo mzima umejaa watazamaji. Mfaransa mmoja, Owen Sauboin, ndiye aliyemrukia akamkaba, na kiboko akapewa jina lake. Akapelekwa Haller Park, Bamburi, kwenye machimbo ya zamani ya saruji yaliyogeuzwa msitu. Alipofunguliwa alikwenda moja kwa moja kwa kobe wa Aldabra aitwaye Mzee, aliyekisiwa wakati huo kuwa na umri wa miaka 130 hivi, akajibanza nyuma yake kama anavyojibanza kwa mama. Mzee hakumtaka. Alimfokea kwa pumzi, akajisogeza mbali. Owen akamfuata. Mwisho Mzee akamzoea, wakawa wanakula pamoja, wanaoga pamoja, wanalala ubavu kwa ubavu.

Mwaka 2006 habari hiyo ilitoka kitabuni huko Marekani, ikiwa imeandikwa na mtoto Isabella Hatkoff pamoja na baba yake Craig na Dakta Paula Kahumbu, na picha za Peter Greste. Isabella alikuwa na miaka sita alipoanza kuishughulikia. Msione haya kwamba walitutangulia. Ulizeni tu ni nini kingine kiko mlangoni kwetu sasa hivi kinachosubiri mtoto wa New York akione.

Lakini miswada yenu mitatu yote inaishia mahali pamoja: kiboko na kobe wamelala, jua linazama. Mmekata kipande kilichonivutia kuliko vyote. Owen alikua. Kiboko dume aliyekomaa anaweza kupita kilo 1,500, na mchezo wake tu unaweza kumvunja kobe gamba. Walezi wakaona hatari, wakamtenga na Mzee, wakamweka na kiboko wa kike aitwaye Cleo, ili ajifunze kuishi na viboko wenzake. Hakuna aliyekosa hapo. Hakuna aliyesaliti. Hakuna wa kuombwa radhi. Mmoja amekua, basi.

Mtoto anahitaji kitabu kinachomwonyesha hilo, kwa sababu litampata. Rafiki yake wa kufa kuzikana atahamia Nairobi mwezi wa Januari na wazazi wake. Au hatahama, ataingia timu ya mpira tu, na wakati wa mapumziko hatakuja tena chini ya mwarobaini. Mtoto atakaa akijiuliza amemkosea nini. Vitabu vyenu vyote vinamwambia marafiki wakitengana lazima yuko mwenye makosa, na mwenye makosa akitubu mambo yatarudi yalivyokuwa. Huko ni kumdanganya, tena kumdanganya kuhusu jambo linalomuuma. Andikeni siku ile lango lilipofungwa kati ya Owen na Mzee. Mfuateni kobe asubuhi ya pili, akienda kwenye dimbwi lile lile. Msimlize kwa makusudi, wala msimpe rafiki mpya ukurasa unaofuata ili mambo yawe mazuri haraka.

La lugha nitalipitia mbio, maana hamna taabu kubwa. Mmezoea kuandika kwa kusoma kimya. Watoto wanasomewa, kwa hiyo simameni muisome kwa sauti mpaka mwone ulimi unapokwama. Tieni tanakali: chura aingie majini chubwi, nazi ianguke puu. Wazee hawakuanza hadithi kwa maelezo, walianza kwa paukwa pakawa na kaondokea chenjagaa kajenga nyumba kakaa, maneno ambayo nusu yake mtoto hayajui na anayapenda vivyo hivyo. Neno gumu moja katika ukurasa halijamuua mtu.

Mlioniandikia mkiuliza kama nitaendelea kuisoma miswada, nitaisoma. Ileteni kabla ya Ramadhani, iwe imechapwa kwa herufi kubwa kwa ajili ya macho yangu, na msinitumie tena kwa simu kwani picha zinatoka ndogo. Kabla hamjaileta, wasomeeni watoto wa jirani, wasiwe wenu, maana wenu watawasifu. Mahali watakapoanza kuchezea mkeka, pigeni mstari kwa penseli na mniachie mstari huo niuone. Yule mwenye mswada wa pundamilia, ondoa ukurasa wa 23 na 24, kisha uje tuzungumze kuhusu ukurasa wa 9, ambao nimeusoma mara mbili kwa raha.

Bibi yenu,
mwalimu mstaafu, Malindi