Maji yakinyamaza, niite

Mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Juzi kwenye simu uliniuliza kwa nini birika likitokota mama huacha kila kitu akalisimamia. Sikukujibu, baba yako alikuwa karibu na hapendi tuyafukue hayo. Sasa umetimiza miaka tisa, acha nikwambie.

Ulizaliwa njiti, wiki 29, gramu 1,250. Mapafu yalikuwa hayajakomaa, kila ukitoa pumzi yanataka kujikunja. Ukawekwa kwenye sipapu, mashine ya kusaidia kupumua: vimrija viwili puani, na mrija mwingine umezamishwa sentimita 5 ndani ya chupa ya maji. Hewa ikitokea huko inabubujika, na kule kusukumana na maji ndiko kulikoyaacha mapafu yako wazi. Nesi akaniambia, "Mama, maji yakinyamaza, niite." Basi siku kumi na moja nilisikiliza maji. Hata adhana ya alfajiri niliisikia kwa mbali, nyuma ya chupa ile.

Nikaipenda kelele ile, mwanangu, wala sikujua kuwa inakuchosha. Usiku mmoja mtu alibwaga kopo la bati juu ya kisanduku chako cha joto. Ukarusha mikono yote miwili, midomo ikaiva buluu, namba ya oksijeni ikashuka, king'ora kikalia, nacho kikakushtua upya. Nililia kwa hasira. King'ora lazima kilie, lakini kopo? Na milango ile kubamizwa?

Nesi wa zamu ndiye aliyenifahamisha. Masikio ya njiti yanasikia tayari, na yalitakiwa bado yawe tumboni, ambako sauti zinafika zimepozwa. Tangu 1997 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri vyumba kama kile visipite desibeli 45, chini ya mazungumzo ya kawaida. Mashine yenyewe hupita hapo. Akainamia chupa, akapunguza hewa kutoka lita 8, kidogo kidogo, jicho kwenye mapovu, mpaka lita 6. Maji yakaendelea kububujika, ila kwa upole. Ukafumbua ngumi. Niliona vidole vyako vyote vitano.

Siku walipokuvua vimrija ukawekwa kifuani kwangu. Upande wetu kukawa kimya. Nikaita, "Nesi! Nesi!"

Mwambie bibi navuka na boti ya Jumamosi, In shaa Allah.

Mama yako