Kliniki ituulize mtoto anakula nini, nasi tujibu ukweli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niandike juu ya jambo ambalo kwa kawaida huzungumzwa ama kwa kejeli ama kwa hasira, nalo ni ulishaji wa watoto wachanga katika familia za vegani, yaani familia zisizotumia nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali. Ndivyo tunavyoishi nyumbani kwangu, na watoto wetu wawili wamelelewa hivyo tangu walipoanza kula. Tuko wachache katika nchi hii: wamo Wasabato waliokwenda mbali zaidi ya waumini wenzao na kuacha hata maziwa, wamo Marasta, na wamo watu waliofikia uamuzi huo kwa kuwahurumia wanyama au kwa kujali mazingira. Ninachotaka kusema ni kwamba mtoto anaweza kukua vizuri kwa chakula cha mimea, ila kwa sharti la kupewa vitamini B12 kutoka nje ya chakula hicho. Sharti hilo linapuuzwa na pande mbili, yaani wazazi wenzangu wanaolikanusha na kliniki zisizouliza.

Vitamini B12 hutengenezwa na bakteria, nasi binadamu huipata kupitia nyama, samaki, mayai na maziwa. Hakuna jani, mbegu wala nafaka ambayo mzazi anaweza kuitegemea kwa vitamini hiyo. Ini la mtu mzima huweka akiba inayoweza kudumu miaka kadhaa, na ndiyo maana mtu aliyeacha nyama akiwa na miaka 30 hujiona mzima kabisa, akaanza kuwahubiria wengine kwamba kidonge ni biashara ya wazungu. Mtoto mchanga hana akiba ya namna hiyo. Alichonacho ni kile alichopewa tumboni na kile anachokipata katika maziwa ya mama, na mama mwenye upungufu humnyonyesha mwanawe maziwa yenye upungufu uleule. Mara nyingi dalili hujitokeza kabla ya mwaka wa kwanza kuisha: mtoto aliyekuwa akichangamka hupoa, shingo hulegea, hashiki kukaa, hukataa chakula, hupauka. Akigunduliwa mapema, tiba yake ni rahisi na matokeo huonekana haraka. Akichelewa, ubongo na neva vinaweza kubaki na madhara ya maisha.

Lipo jambo jingine ambalo halijulikani sana, nalo linatuhusu sisi kuliko mtu mwingine yeyote. Mboga za majani na jamii ya kunde zina foliki asidi kwa wingi, na foliki asidi huweza kuficha upungufu wa damu unaotokana na kukosa B12, ilhali neva zinaendelea kuharibika chini kwa chini. Mama anayekula mchicha, matembele na maharage kila siku anaweza kupimwa wingi wa damu, akaambiwa yuko salama, akarudi nyumbani akiwa na furaha. Kipimo hakikudanganya, ila hakikuwa kipimo cha jambo linalomkabili.

Kwa hiyo huwa sivumilii ninaposikia katika mikusanyiko yetu kwamba B12 ipo kwenye spirulina (mwani unaouzwa kama unga au vidonge vya lishe), kwenye togwa, au kwenye mboga ambazo hazikuoshwa sana. Spirulina ina kitu kinachofanana na B12 ambacho mwili wetu hauwezi kukitumia. Mboga zisizooshwa humletea mtoto minyoo na kuhara. Hata Vegan Society ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1944 na ambayo haina sababu ya kuwatetea wafugaji, inawaambia watu wazima waziwazi wapate B12 kwa vyakula vilivyoongezewa, au wameze kidonge cha maikrogramu 10 kila siku, au cha maikrogramu 2,000 mara moja kwa wiki. Kiwango cha kila wiki ni kikubwa hivyo kwa sababu mwili hufyonza sehemu ndogo tu ya dozi kubwa. Kiasi cha mtoto ni cha kupangwa na daktari au mtaalamu wa lishe, wala hakipatikani kwa kukadiria kipande cha kidonge cha mama. Na mzazi anayenunua duka la dawa asome lebo, maana baadhi ya vidonge na dawa za maji zinazouzwa kwa jina la B komplex zina B1, B2 na B6 lakini hazina B12 hata chembe.

Wapo watakaonijibu kwa kutaja utafiti wa Embu nchini Kenya, na wana haki ya kuutaja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliwagawa watoto zaidi ya 500 wa shule za msingi vijijini katika makundi manne. Kundi la kwanza lilipewa githeri, yaani makande ya mahindi na maharage, yenye nyama, la pili githeri na maziwa, la tatu githeri iliyoongezwa mafuta ili nguvu yake ilingane na ile ya makundi mengine, na la nne halikupewa chakula shuleni. Familia za kundi hili zilifutwa machozi kwa mbuzi wa maziwa. Baada ya takriban miaka miwili, watoto wa githeri yenye nyama ndio waliopata maendeleo makubwa zaidi katika jaribio la kufikiri na ndio waliokuwa wachangamfu zaidi uwanjani. Mwaka 2005 mmoja wa watafiti hao, Lindsay Allen wa Marekani, alisema hadharani kwamba kuwalea watoto wadogo bila chakula chochote cha wanyama ni kinyume cha maadili, na mwanamuziki Paul McCartney alikuwa miongoni mwa waliompinga.

Binafsi sioni faida ya kuukwepa utafiti huo, kwa kuwa unatufundisha zaidi kuliko majibu ya McCartney. Watoto wa Embu walikuwa wakiishi kwa mahindi na maharage kwa sababu ya umaskini, na wengi wao walikuwa na upungufu wa B12 hata kabla ya utafiti kuanza. Makundi ya nyama na maziwa yaliongeza B12 mwilini, lakini kundi la mafuta halikuongeza. Jambo ambalo halikupimwa ni githeri pamoja na B12 na zinki za nyongeza dhidi ya githeri yenye nyama, na hilo ndilo swali letu. Lakini utafiti huo unaonyesha bila shaka yoyote kwamba ugali, maharage na mboga peke yake, hata mtoto akishiba, havitoshi. Anayeshangilia chakula cha babu zetu kwamba kilikuwa cha mimea tu na kilitosha anasahau dagaa, anasahau maziwa mgando, na anasahau watoto waliozikwa.

Tafiti za Ulaya zinatupa nafuu kidogo, lakini hazitupi ruhusa ya kulala. Nchini Ujerumani, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwahusisha watoto 430 wa umri wa mwaka mmoja hadi mitatu, na kwa wastani watoto wa familia za vegani walikua sawa na wenzao kwa uzito na kimo. Wachache miongoni mwao, hata hivyo, walikuwa wafupi kuliko inavyotakiwa. Huko Poland, utafiti wa mwaka 2021 uliwakuta watoto wa vegani wa miaka 5 hadi 10 wakiwa na lehemu (kolesteroli) mbaya pungufu katika damu, jambo ambalo ni jema, ila walikuwa pia wafupi kwa takriban sentimita tatu na mifupa yao ilikuwa na madini pungufu. Wenzangu wamezoea kutaja utafiti wa kwanza na kuunyamazia wa pili.

Sasa nije jikoni. Unga wa uji wa lishe unaouzwa madukani mara nyingi una dagaa, kwa hiyo familia kama yetu hulazimika kuchanganya wenyewe: mahindi au ulezi, soya, karanga, ufuta. Soya lazima ichemshwe au ikaangwe barabara kabla ya kusagwa, kwani ikiwa mbichi huzuia usagaji wa protini tumboni. Ulezi ulioloweshwa ukaota kimea ni bora kuliko ulezi mkavu, kwa sababu kimea hupunguza vile vitu vinavyoyashika madini chuma na zinki yasifyonzwe, na pia huulainisha uji, hivyo mtoto anaweza kupewa uji mzito wenye nguvu bila kumpalia. Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo, na chakula cha mimea kina nyuzinyuzi nyingi: hujaa kabla ya kupata nguvu anayoihitaji. Hapo ndipo parachichi, tui zito, siagi ya karanga na kijiko cha mafuta vinapokuwa na kazi. Kwetu Kilimanjaro tuna kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, chakula ambacho mabibi walikijua kabla yetu. Ukikipondea parachichi na kumpa mtoto kipande cha chungwa au papai baadaye, ile vitamini C humsaidia kufyonza madini chuma ya maharage. Chai isikaribie mlo huo. Chumvi ya nyumbani iwe yenye madini joto, japo ya mtoto iwe kidogo sana. Kuhusu kalsiamu, mchicha tunaousifu una kalsiamu ambayo mwili huipata kwa shida. Sukuma wiki ni bora zaidi, na maziwa ya soya ya kutengeneza nyumbani hayana kiasi cha maana isipokuwa yale ya dukani yaliyoongezewa.

Tahadhari ya sumukuvu inatuhusu kuliko jirani zetu. Mtoto ambaye protini na mafuta yake yanatoka kwenye karanga na mahindi hukutana na kuvu kila siku, na hatujasahau kwamba mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga zilizonyauka au kuota ukungu zitupwe. Kuzikaanga hakuiondoi sumu.

Kuhusu mtoto asiyeweza kunyonya maziwa ya mama, kwa kifo, ugonjwa au sababu nyingine, nitasema jambo litakalowaudhi baadhi ya wenzangu. Tui, maziwa ya soya ya nyumbani, maziwa ya lozi au ya mchele si maziwa ya mtoto mchanga. Nchini Ubelgiji mtoto wa miezi saba alikufa mwaka 2014 baada ya kulishwa maziwa ya nafaka, na mwaka 2017 wazazi wake walihukumiwa kifungo cha miezi sita cha nje. Yapo maziwa ya kopo ya watoto wachanga yanayotengenezwa kwa soya, lakini si kila duka linayo, bei yake ni kubwa, na hutakiwa kutumiwa kwa ushauri wa daktari. Yasipopatikana, mtoto apewe maziwa ya kopo ya kawaida yenye asili ya ng'ombe, na dhamiri ya mzazi isubiri hadi mtoto avuke mwaka.

Upande wa kliniki, sina ugomvi na muuguzi anayesema mtoto apewe yai, samaki au nyama. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unasema vyakula hivyo viliwe kila siku na watoto wa miezi 6 hadi 23, naye anatekeleza alichofundishwa. Ugomvi wangu ni na kinachofuata. Katika kituo kimoja nilichohudhuria nilikaripiwa mbele ya akina mama wenzangu, mtoto akapimwa uzito, kadi ikarudishwa, na hakuna aliyeuliza kama mimi au mwanangu tunapata B12. Mama anayekaripiwa hujifunza kudanganya. Safari inayofuata atasema anampa yai, na mhudumu atakuwa amepoteza njia ya pekee ya kumfikia yule mtoto.

Dawa ya tatizo hili tayari ipo katika mpango wa serikali kwa ajili ya watu wengine. Vile vipakiti vya virutubishi nyongeza vya gramu moja, vinavyonyunyiziwa kwenye chakula cha mtoto wa miezi 6 hadi 23, vikiwa vya aina yenye virutubishi 15 vina maikrogramu 0.9 za B12 pamoja na madini chuma, zinki na madini joto. Vilibuniwa kwa ajili ya familia zinazokosa nyama kwa umaskini, na takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zinazoonyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa zinaeleza kwa nini vinahitajika. Tangu mwaka 2011 tuna pia kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa viwandani. Lakini mahindi yanayosagwa kwenye mashine ya kijijini hayaguswi na kanuni hizo, na mtoto mdogo hali ugali wa kutosha hata kama unga wake ungekuwa bora.

Ninaiomba Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania pamoja na Wizara ya Afya kuongeza maswali mawili katika mahudhurio ya wajawazito na ya watoto: je, mama na mtoto wanakula chakula chochote cha wanyama, na kama hawali, B12 wanaipata wapi? Jibu liandikwe kwenye kadi. Ikiwa ni "hawali" na "hatuipati", mama apewe vidonge au sindano siku hiyohiyo, mtoto apewe vipakiti, na mahali penye malaria vitolewe pamoja na kinga yake. Maswali hayo yaulizwe kwa mama aliyeacha nyama kwa hiari na kwa mama ambaye hana fedha ya kuinunua, bila kutofautisha sababu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama wa watoto wawili,
Moshi