Nyumba Tisa Kuelekea Noeli

Tumsifu Yesu Kristo! Salamu nyingi za Noeli ziwafikie wanajumuiya wote, yaani Wakatoliki majirani wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba, wa mijini na vigangoni, wenye nyumba na wapangaji, wagonjwa walio vitandani, na wote ambao zamu za kazi zitawanyima misa ya mkesha. Tunawaombea amani ya Mtoto Yesu majumbani mwenu. Na kwa kuwa novena ya Noeli, yaani sala ya siku tisa mfululizo, huanza tarehe 16 Desemba na kufungwa tarehe 24, tumeona salamu zetu ziende pamoja na maneno machache kuhusu siku hizo tisa, ambapo tunasali kila siku katika nyumba tofauti na Kanisa huja kukaa barazani na uani kwetu.

Kusali nyumbani ni jambo la tangu mwanzo. Paulo anapowaandikia Warumi, anawasalimu Priska na Akila pamoja na kanisa linalokutana nyumbani mwao. Huku kwetu maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi mwaka 1973, na tena 1976, wakaziweka jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa msingi wa uchungaji katika nchi zao. Ndugu zetu wa Kongo walikwisha kuishika njia hiyo tangu 1961. Kisha mwaka 2020, wakati wa korona, watu wa Kenya waliiona thamani yake kwa macho: Pasaka ilipita makanisa yakiwa yamefungwa, na yalipofunguliwa Julai waliruhusiwa watu 100 tu kwa saa moja, huku wazee wa zaidi ya miaka 58 na watoto wa chini ya 13 wakitakiwa kubaki nyumbani. Mahali ambapo jumuiya ilikuwa hai, mzee hakusahaulika, kwa sababu jirani alijua mlango wake.

Basi tuanze na uchaguzi wa nyumba, maana hapo ndipo novena nyingi hupotea. Mara nyingi zamu hupangwa kwa kufuata nyumba zenye sebule kubwa, na mwenye chumba kimoja hupitwa kila mwaka. Tunashauri mfuate masomo. Kuanzia tarehe 17 Kanisa limepanga Injili maalumu kwa kila siku (siku ya Jumapili husomwa Injili ya Jumapili yenyewe), na Injili hizo zimejaa nyumba na majirani. Tarehe 19 ni Zakaria na Elizabeti, wazee wasio na mtoto: nendeni kwa wazee wanaoishi peke yao, au kwa wanandoa wanaobeba uchungu huo kimyakimya, ila waulizwe kwanza kwa faragha. Tarehe 21 Maria anaingia nyumbani mwa Zakaria na kumwamkia Elizabeti: hapo pafaa kwa mama mjamzito. Tarehe 23 anazaliwa Yohane na majirani wanafurahi pamoja na mama yake: nendeni penye mtoto mchanga, mkae muda mfupi, na nyimbo ziwe za sauti ya chini. Tarehe 17 ni orodha ya ukoo wa Yesu. Msomaji apewe somo siku mbili kabla, ajizoeze majina, na asiyaruke. Tamari, Rahabu, Ruthu, mke wa Uria na Maria wamo humo, na wengi huwasikia kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Panapokuwa finyu, tandikeni mikeka uani au koridoni, na mwenye nyumba pamoja na wapangaji wenzake waarifiwe siku moja kabla. Spika haihitajiki kwa watu 20. Jirani Mwislamu au wa dhehebu lingine akikaribishwa kwa heshima huja, na asipokuja hajakosa kitu.

Saa moja inatosha. Njia ya hatua saba, iliyoenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, inafaa sana hapa: kumkaribisha Bwana kwa sala na wimbo, dakika 5, kusoma Injili, 5, kila mmoja kuchagua neno au fungu fupi na kulitamka mara tatu polepole, 5, kimya, 5, kushirikishana, 15, kupanga kazi, 10, maombi ya wote, 10. Zinabaki dakika 5 za matangazo, na matangazo yakae mwisho kabisa.

Hatua ya tatu huharibika pale mtu anapoanza kueleza neno alilolichagua. Alitamke tu, aache liingie. Hatua ya tano, ya kushirikishana, huharibika mwenyekiti au katekista anapoigeuza mahubiri. Kanuni yetu ni kwamba kila mtu aseme kwa “mimi”, asiseme “ninyi”, na asiyetaka kusema anyamaze bila kuitwa jina. Hatua ya sita, ya kupanga kazi, ndiyo inayorukwa kuliko zote, nasi tunaiona kuwa moyo wa jumuiya. “Tumsaidie bibi” haijawa kazi bado. Kazi ina mtu, jambo na saa: kesho saa nne asubuhi watu wawili waliotajwa kwa jina wamfulie bibi blanketi na kumjazia ndoo za maji. Jioni inayofuata waulizwe imekuwaje, kabla ya kupanga nyingine.

Yapo mawili yanayofukuza watu, na tunayasema kwa upendo. La kwanza ni michango. Daftari la mhazini likifunguliwa kabla ya Injili, aliyekosa fedha hatakuja kesho. Lifunguliwe pembeni baada ya sala ya kufunga, na anayedaiwa asitajwe hadharani. La pili ni chakula. Nyumba ya kwanza ikipika pilau, ya pili itaona aibu kutoa chai, ya tatu itaomba ihamishwe zamu. Kubalianeni mapema: maji ya kunywa tu kwa siku zote tisa, kisha chakula cha pamoja baada ya Noeli, kila mtu akija na alichonacho.

Walio mbali wapigieni simu. Wapo wanaofanya kazi Saudi Arabia, ambako hakuna kanisa la wazi, na saa zao ni sawa na za Dar es Salaam na Nairobi; Muscat na Dubai wametangulia kwa saa moja. Simu iwekwe juu ya kiti katikati, izimwe kipaza sauti wakati wa nyimbo kwa sababu sauti huchelewa na kuvuruga, na aliye mbali apewe ombi moja la kuongoza.

Misa ya Noeli haina mbadala, na jumuiya hai hujaza kanisa. Kwa hiyo tarehe 24 malizeni mapema, mpange nani atamsindikiza mzee kanisani na nani atabaki na mgonjwa, na padre apelekewe jina la mgonjwa ili mgonjwa aletewe Komunyo. Kama bado huijui jumuiya ya mtaa wako, uliza ofisi ya parokia Jumapili hii. Sikukuu ya Familia Takatifu ipo ndani ya siku chache baada ya Noeli, na nyumba ya kukutania siku hiyo ichaguliwe sasa.