Barua kwa Mwanaidi kuhusu Buffy

Mpendwa rafiki yangu Mwanaidi,

Nakusalimu wewe pamoja na wote walio nyumbani. Sisi huku hatujambo. Barua yako niliipata, na nilicheka peke yangu niliposoma kwamba uliizima Buffy the Vampire Slayer, ile tamthilia ya Kimarekani ya msichana anayewawinda wanyonya damu, kabla hujafika sehemu ya pili, kwa hoja kwamba kinachochekesha hakiwezi kutisha. Niruhusu nikubishie.

Nadhani ulikosea kuwakodolea macho wanyonya damu. Sisi tuliokuwa tukiitwa ndani wakati wa magharibi kwa hofu ya mumiani hatuwezi kutishwa na Wamarekani waliovalishwa meno ya bandia, na msimu ule wa kwanza wa mwaka 1997, wenye sehemu 12 tu, kwa kweli una mazimwi ya kuhurumiwa. Tazama badala yake zimwi limetumwa na nini. Mji wa Sunnydale huko California umekaa juu ya Kinywa cha Jahanamu, yaani mlango wanakotokea mazimwi, na shule ya sekondari ipo pale pale juu yake, kwa hiyo kila dhiki ya ujana huota kucha. Mama aliyekuwa nyota wa kikundi cha ushangiliaji alipokuwa shuleni anatumia uchawi kumnyang'anya bintiye mwili, apate kuwa msichana tena. Mwanafunzi ambaye hakuna aliyejishughulisha kumtazama anatoweka machoni pa watu kweli kweli, kisha anarudi kulipiza kisasi bila kuonekana. Vituko hivyo vinachekesha kwa kuwa vimetiwa chumvi, lakini vinatisha kwa kuwa mimi na wewe tuliwahi kukaa na msichana yule darasani na leo hatulikumbuki jina lake.

Kati ya sehemu zote 144, hata hivyo, nakuomba utazame moja, iitwayo Hush, ya msimu wa nne, iliyorushwa Desemba 1999. Joss Whedon, aliyeibuni tamthilia hii, alikuwa akisifiwa mno kwa maneno anayowatia vijana wake vinywani, naye akaamua kuyaondoa: Mabwana wenye suti nyeusi na tabasamu lisilofutika wanaziiba sauti za mji mzima, wakizifungia kisandukuni, halafu usiku wanaelea barabarani bila kukanyaga chini, wakitafuta mioyo saba ya watu. Anayechinjwa hufumbua kinywa kupiga mayowe, na hakuna kinachotoka. Sijawahi kuona jambo la kutisha kuliko hilo katika televisheni.

Sasa sikiliza hili. Katikati ya hofu hiyo Giles, yule mkutubi Mwingereza anayemlea Buffy katika kazi yake, anawakusanya vijana kwenye ukumbi wa mihadhara na kuwaeleza hatari iliyopo kwa michoro aliyoichora mwenyewe na kuimulika ukutani, damu tele kila ukurasa, na Buffy, ambaye maisha yake yamo hatarini, anakasirika kwa sababu amechorewa nyonga pana. Nilicheka hadi machozi, kisha Mabwana waliporudi niliwaogopa maradufu, kwa maana kicheko kilikuwa kimenilegeza ule ulinzi ambao mtu hujiwekea anapojua anatishwa. Hata katika pigano la mwisho, Buffy anamwonyesha Riley, kijana wanayependana, kwa ishara avunje kisanduku, naye kijana wa watu anavunja chupa iliyo kando yake! Ukiondoa kosa lile, pigano linabaki mazoezi ya viungo tu.

Sauti zinarudi, yowe la Buffy linawamaliza Mabwana, na kesho yake Riley anamwendea chumbani, kila mmoja akiwa ameshagundua siri ya mwenzake, kwamba naye hupambana na mazimwi. Wanakubaliana kwamba inawapasa kuzungumza. Wanakaa, wanatazamana, na hakuna anayeweza kusema neno.

Anzia hapo, dada, si mwanzoni, na usitazame ukiwa peke yako nyumbani. Wasalimie watoto.

Ni mimi rafiki yako,
Halima