Vita vya Pasifiki: makala yenu imesahau meli za mafuta

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Japani na vita vya Pasifiki imesimulia Pearl Harbor, kambi ya manowari za Marekani huko Hawaii, ikasimulia pambano la majini la Midway, kisha ikaruka moja kwa moja hadi Hiroshima. Katikati imeacha miaka mitatu, na humo ndimo Japani ilimokabwa koo. Msomaji anaimaliza bila kujua Wajapani walikuwa wakipigania nini.

Walikuwa wakipigania mafuta. Tangu Julai 1937 jeshi lao lilikuwa limezama katika vita vya China. Njia ya kaskazini waliijaribu mwaka 1939 huko Nomonhan, mpakani mwa Mongolia, wakapigwa vibaya na Warusi chini ya jenerali Zhukov. Hapo waliotaka kwenda kusini wakapata nguvu. Julai 1941 wakaingia kusini mwa Indochina, koloni la Wafaransa, Marekani ikazuia mali zao, na ilipofika Agosti mafuta yakakatika. Asilimia 80 hivi ya mafuta yao yalikuwa yakitoka Marekani hiyohiyo. Ghalani walikuwa na mapipa yapata milioni 43, na hesabu za jeshi la majini zilionyesha kwamba kwa mwendo wa vita yangekwisha kabla ya miaka miwili. Kila mwezi wa mazungumzo uliipunguza akiba, ndiyo maana majenerali walikuwa na haraka kuliko wanadiplomasia.

Kwa hiyo Pearl Harbor haikuwa shabaha kuu. Ilikuwa kinga ya ubavuni, kuwazuia Wamarekani wasiingilie. Shabaha ilikuwa Palembang kule Sumatra, pamoja na Tarakan na Balikpapan kule Borneo, katika koloni la Waholanzi lililotoa mapipa milioni 65 hivi mwaka 1940. Askari walikwisha kuteremka Kota Bharu, Malaya, zaidi ya saa nzima kabla ya bomu la kwanza kuanguka Hawaii. Tarakan na Balikpapan zilitekwa Januari 1942. Palembang ilivamiwa kwa miavuli tarehe 14 Februari, na kesho yake Singapore ikasalimu amri.

Mnamlaumu Nagumo, kamanda wa shambulio la Pearl Harbor, kwa kuzikosa manowari za kubebea ndege. Hizo hazikuwepo bandarini, angezipiga vipi? Lawama yake halisi ni matangi yenye mapipa milioni 4.5 ya mafuta yaliyokuwa wazi kando ya bandari, gati za ukarabati, na kituo cha nyambizi. Vyote vitatu aliviacha vizima, na hicho cha tatu ndicho kilichokuja kuigharimu Japani zaidi.

Sasa tuje kwenye meli. Mafuta ya Palembang hayaendeshi kiwanda cha Osaka mpaka yavushwe zaidi ya kilomita 4,500 za bahari. Japani iliingia vitani ikiwa na tani milioni 6 hivi za meli za biashara, na meli za kigeni zilizokuwa zikiibebea sehemu kubwa ya shehena zake zikatoweka siku vita vilipoanza. Meli zilizobaki ziligawanywa mafungu matatu: za jeshi la nchi kavu, za jeshi la majini, na za raia. Mafungu hayo hayakusaidiana. Meli ya jeshi iliweza kupeleka askari kusini na kurudi tupu, huku ikipishana njiani na meli ya raia inayokwenda tupu kufuata madini. Mpango ulikuwa kwamba jeshi likishateka visiwa lirudishe meli kwa raia. Vita vya kisiwa cha Guadalcanal vikauvuruga: mwishoni mwa 1942 makao makuu ya jeshi yalidai meli zaidi, serikali ikakataa, na mkuu wa operesheni, Tanaka Shinichi, akamtukana Waziri Mkuu Tojo ana kwa ana. Akahamishwa. Tukio hilo linaeleza vita hivi kuliko nusu ya picha mlizochapisha.

Mafuta nayo yaligawanywa vivyo hivyo. Jeshi la nchi kavu lilijitwalia sehemu kubwa ya visima, Palembang ikiwemo, ilhali mlaji mkubwa wa mafuta alikuwa jeshi la majini, lililobaki na Borneo. Kila upande ulikuwa na meli zake na matangi yake. Mei 1942 meli Taiyo Maru ilizamishwa ikiwa imewabeba wataalamu wa kwenda kufufua visima. Mamia yao walikufa maji. Ilisafiri bila ulinzi wa maana.

Ulinzi ndipo palipooza. Mafunzo ya jeshi la majini la Japani yaliwekwa juu ya wazo moja, pambano kubwa la kumaliza vita kwa siku moja. Kulinda meli za mchele na mafuta kulionekana kazi ya wazee. Kamandi kuu ya kusindikiza misafara iliundwa Novemba 1943, vita vikikaribia kutimiza miaka miwili! Hata nyambizi zao, zenye topedo (makombora ya chini ya maji) bora kuliko za mtu yeyote, zilitumwa kuwinda manowari, baadaye zikageuzwa wachukuzi wa chakula cha visiwa vilivyozingirwa. Kwamba ziliweza kazi nyingine tunajua sisi wa pwani hii: tarehe 12 Februari 1944 nyambizi I-27 iliizamisha meli ya askari Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, wakafa watu 1,297, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

Wamarekani hawakuanza vizuri. Topedo yao ya Mark 14 ilikuwa na kasoro tatu, na kila moja iliificha nyingine. Ilipita chini kwa karibu mita 3 kuliko ilivyopangwa. Kifyatuo chake cha sumaku kililipuka mapema au hakikulipuka kabisa. Hivyo viwili vilipoondolewa, ikaonekana kwamba pini ya kulipulia hujikunja topedo ikigonga ubavu wa meli moja kwa moja, yaani nahodha aliyelenga vizuri ndiye aliyekosa. Julai 1943 nyambizi Tinosa iliifyatulia meli ya mafuta Tonan Maru Namba 3 topedo 15, nyingi zikagonga bila kulipuka. Nahodha akaibakiza ya 16 ili arudi nayo ikachunguzwe. Kasoro zilimalizika kuondolewa karibu na Oktoba mwaka huo.

Hapa kuna jambo ambalo gazeti la Kenya halikupaswa kulikosa. Manowari za Japani zilipopiga Colombo na Trincomalee, bandari za Ceylon (Sri Lanka), Aprili 1942, Waingereza walirudisha nyuma manowari zao hadi Kilindini, na pamoja nazo wakaja wavunja maandishi ya siri, wakawekwa katika shule ya Allidina Visram. Hao ndio waliofungua JN-40, maandishi ya siri ya meli za biashara za Japani. Septemba 1942 karani mmoja wa Kijapani alituma ujumbe akasahau kutaja mahali meli ilipo, akautuma upya kwa ufunguo uleule akiongeza sehemu iliyokosekana. Ujumbe mmoja ukiwekwa kando ya mwenzake, tofauti inajitaja yenyewe. Tangu hapo safari za meli nyingi zikawa zinasomeka, na nyambizi ikaweza kungojea mahali badala ya kuzurura.

Matokeo yake yahesabuni. Japani iliingiza mapipa ya mafuta yapata milioni 14 mwaka 1943, milioni 5 hivi mwaka 1944, na baada ya Machi 1945 hakikuja kitu. Zaidi ya nusu ya tani za biashara zilizozama zilizamishwa na nyambizi. Mei na Juni 1944 manowari za Japani zilikaa Tawi-Tawi, visiwa vya kusini mwa Ufilipino, ili ziwe karibu na mafuta ya Borneo. Nyambizi zikiwa mlangoni, marubani wachanga hawakuweza kutoka kufanya mazoezi, wakaenda kupigana hivyohivyo. Oktoba, kabla ya pambano la Leyte huko Ufilipino, manowari kubwa zililazwa Lingga karibu na Singapore kwa sababu ya mafuta, na zile za kubebea ndege zilikuwa Japani kwa sababu ya ndege na marubani. Zikapigana mbalimbali. Nyumbani, wanakijiji walitumwa kung'oa mizizi ya misonobari wakamue mafuta ya ndege.

Sisemi mabomu ya atomiki na kuingia kwa Warusi Agosti 1945 havikuwa na uzito katika uamuzi wa kusalimu amri. Vilikuta nchi ambayo viwanda vyake vimekwisha kunyamaza, na bandari zake zimejaa mabomu ya majini yaliyomwagwa na ndege za Marekani za B-29 tangu Machi.

Mwisho, sahihisho dogo. Mmeandika kwamba Yamato, manowari kubwa ya Japani, ilipewa mafuta ya kwenda tu Okinawa. Amri ilisema hivyo, lakini watu wa bohari ya Tokuyama walikwangua masalio ya chini ya matangi wakaipakia tani 4,000 hivi, za kutosha kwenda na kurudi. Ilizama njiani tarehe 7 Aprili 1945.

Msomaji wenu,
Mombasa