Daftari la Mwalimu: Wito wa Harambee na Tamasha la Kumbukumbu, Walukuba, Jinja

Ndugu wapendwa katika Kristo, wazazi, wanakwaya wa zamani na majirani zetu wa dini zote hapa Walukuba na Masese,

Tunawaandikia kwa kuona haya, maana rangi ya mabati mliyotununulia mwaka juzi haijafifia, na leo tunabisha hodi tena. Lakini jambo lililotuangukia mikononi si la kufichwa.

Mwezi mmoja baada ya kumzika mwalimu wetu wa kwaya, tulifungua sanduku lililokaa chini ya kinanda, tukitafuta nota za nyimbo za Pasaka. Chini ya nota tulikuta daftari la shule, jalada lake limelowa mafuta ya taa, na ndani yake, kwa ule mwandiko wake wa kulala, majina ya vijana 11, na mbele ya kila jina kile alichokilipia: karo ya muhula, sare, mkasi na futi kwa msichana anayejifunza ushonaji. Penye jina moja ameandika, "Viatu, nusu. Nusu nyingine Ijumaa." Ijumaa hiyo haikutiwa alama. Kijana mwenyewe yupo, anaimba sauti ya tatu, na hadi leo huenda shule kwa malapa.

Hatukujua. Tukisema kweli, hatukuuliza. Tulimwona mtu mzima akitembea kwa miguu kutoka mjini hadi Walukuba tukadhani anapenda kutembea, kumbe nauli ya boda ilikuwa ikiingia daftarini. Kanisa linalojaa kila Jumapili liliuacha mzigo wake ubebwe na mshahara wa mtu mmoja.

Wako watakaouliza kama serikali haisomeshi. Ni kweli kwamba elimu ya msingi bila karo ilianza mwaka 1997 na ya sekondari mwaka 2007, nasi tunashukuru. Lakini si kila kijana amepata nafasi hiyo, na hata aliyeipata, sare, madaftari na chakula cha mchana bado ni juu ya nyumba yake. Katika nyumba ambayo mama huanika mukene (dagaa wa ziwani) wa watu kule Masese kwa ujira wa siku, mvua ikishinda siku mbili hakuna ujira, na mtoto hubaki nyumbani.

Kwa hiyo, Jumamosi itakayotangulia Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda ya tarehe 3 Juni, kuanzia saa tisa alasiri, kwaya itafanya tamasha la kumkumbuka mwalimu kwenye uwanja wa kanisa. Tumechagua majira hayo kwa kuwa yeye mwenyewe hakuacha mwaka upite bila kutukumbusha kwamba wengi wa mashahidi hao, waliochomwa moto kwa imani yao huko Namugongo mwaka 1886, walikuwa vijana, na kwamba mmoja wao, Kizito, alikuwa na miaka kama 14 tu, rika la hao hao walioandikwa daftarini. Tutaimba alizotufundisha kwa Kiswahili, Kisoga na Kiganda. Kinanda kina vitufe vitatu visivyolia. Mtatuvumilia, kwani hakitatengenezwa kwa fedha hii.

Kiingilio ni shilingi 5,000, watoto bure. Jina moja la daftari tumelikadiria shilingi 250,000 kwa muhula, yaani 2,750,000 kwa yote 11, na anayeweza kulibeba jina zima, peke yake au pamoja na jumuiya yake, amwone mweka hazina baada ya ibada. Majirani zetu Waislamu, mliotuletea sufuria zenu siku ya matanga bila kuitwa, viti vyenu vya mbele vipo.

Kila kitakachopokelewa kitaandikiwa risiti, na hesabu zitasomwa kanisani Jumapili ya pili baada ya tamasha. Majina ya vijana hayatasomwa.

Na mwenye viatu vyeusi vya shule, namba 41, asisubiri tamasha. Avilete Jumatano jioni kwenye mazoezi.

Kamati ya Tamasha, kwa niaba ya kwaya